Keki Iliyopikwa kwa Kikohozi

Wiki iliyopita nilikiri jambo ambalo watu wa Kiritiri hawajanisamehe hadi leo: kwamba keki zote walizokula kwa jina la mke wangu Celina, tangu ubatizo wa mtoto wa katekista hadi jubilii ya padre, nilizipika mimi. Mimi Mugendi, muuza makaa, mtu wa darasa la tano, mwenye ndevu.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Ujanani niliosha sufuria kwenye misheni moja upande wa Gachoka. Mpishi wa huko, mzee Gichovi, alinifundisha keki kwa sababu mgongo wake ulikuwa umechoka kuinama. Baadaye, nikiwa na mke na watoto, nilipika moja kwa siri. Wageni wakamsifu Celina. Celina akasema asante.

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa. Wakati wa haya ninayosimulia leo ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na afya yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Msiniulize kwa nini nilinyamaza. Kwetu Mbeere mwanaume anaweza kuuza ng'ombe wa urithi akanywa bei yake yote, na bado ataitwa mzee. Akipatikana anakoroga mayai, ataitwa jina ambalo mhariri hawezi kulichapisha.

Basi ilikuwa Desemba ya mwaka wa tisini na tano, na binti yetu Mukami alikuwa anaolewa Jumamosi. Bwana harusi ni Mutugi, karani wa ofisi ya kilimo, kijana mzuri kutoka Muthara, huko Tigania.

Mutugi alimpenda Mukami kwa sababu ya keki. Siku yake ya kuzaliwa, Mukami alimpelekea keki ya limau imefungwa kwa kitambaa cheupe, akamwambia, "Nimekupikia mwenyewe." Mutugi alipoimaliza alikuwa ameshaamua.

Ile keki niliipika mimi. Mukami hajui hata kuwasha jiko bila kuita mtu.

Kwa hiyo, ukiangalia vizuri, Mutugi alinipenda mimi. Lakini mambo yalikuwa yameshafika mbali.

Mwezi wa Agosti watu wa Muthara walikuja na mbuzi wa mahari. Tukawapa keki. Msemaji wa ukoo wetu, mzee Runji, akasimama mbele yao akaigonga ardhi kwa fimbo na kusema, "Hii mnayokula imetoka kwa mkono wa mama. Na binti ana mkono wa mamake. Mimi Runji nimesema."

Wageni wakapiga makofi. Celina akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Alikuwa ameshazoea. Hata akina mama wa kanisa walikuwa wamemfanya mwamuzi wa mashindano yao ya keki, na alikuwa mkali.

Mmoja kati ya wageni hakupiga makofi, kwa kuwa alikuwa akila kipande cha tatu. Huyo ni Teresia, shangazi yake Mutugi, mwalimu wa sayansi ya nyumbani. Alilamba kidole, akasema, "Mama Mukami, kabla ya harusi nitakuja kuona ukipika. Nataka kuandika."

Celina akajibu, "Karibu sana, mwalimu."

Nilipomuuliza usiku kwa nini alikubali, alisema, "Ungetaka nimwambie nini? Kwamba mkono wangu uko na likizo?"

Tukapanga. Teresia angekuja Ijumaa. Mimi ningepika keki zote tatu Alhamisi: kubwa ya wageni, ya pili ya wazazi, na ile ndogo ya juu ambayo bibi harusi humlisha bwana harusi. Ijumaa Teresia angekuta zimeiva. Celina angepaka sukari juu na kuongea maneno ya kitaalamu. Kupaka alikuwa anajua.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa nachekecha mchanga. Keki yetu hupikwa hivyo: unaweka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, unaingiza sufuria ndogo yenye unga uliokorogwa, unafunika kwa bati na kupanga makaa juu yake. Juu moto, chini moto, na katikati akili.

Mbwa akabweka. Nikainua macho. Teresia alikuwa langoni na begi, mwavuli, na daftari kubwa la shule.

"Hodi hapa. Nimeona nije mapema. Ijumaa ningewakuta mmemaliza."

Nikaangusha chekecheke.

"Karibu, muthoni," nikasema. Ndivyo tunavyoitana wakwe. Kimeru chao na Kimbeere chetu hupishana njiani, kwa hiyo mengine yote tuliyasema kwa Kiswahili. "Nilikuwa... nilikuwa namsaidia mama kwa mchanga."

"Vizuri. Wanaume wengi hawabebi hata maji."

Celina akatoka, akamwona, akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani. Akampeleka mgeni nyumba kubwa anywe chai na kumwona Mukami akipima shela. Kisha akanifuata mbio nyuma ya zizi la mbuzi.

"Baba Mukami, tumekwisha."

"Hatujakwisha. Sikiliza. Siagi na sukari unapiga kwa mwiko mpaka iwe nyeupe."

"Nyeupe kama nini?"

"Kama meno ya mbuzi huyo. Halafu mayai, moja moja. Ukimimina yote pamoja yatakatika. Halafu unga, polepole."

"Mayai mangapi?"

"Kumi. Celina, miaka kumi na mmoja umekuwa ukiangalia wapi?"

"Nilikuwa nakaa mlangoni nikikulinda usionekane. Ulitaka nitazame ndani na nje kwa macho gani?"

Hapo alikuwa na haki. Nikaendelea.

"Shida itakuwa moto. Moto huwezi kujifunza leo. Mimi nitakaa nje, hapo ukutani, nikichonga mpini. Harufu itaniambia kila kitu. Nikikohoa mara moja, ongeza makaa juu. Mara mbili, punguza. Mara tatu, toa kila kitu upesi."

"Moja ongeza, mbili punguza, tatu toa."

"Na usiniangalie."

"Nani anataka kukuangalia," akasema, akaenda kuvaa leso safi.

Sikuwa na njia nyingine. Mkwe wa kike akiwa jikoni, baba wa binti hata kivuli chake hakipaswi kupita pale mlangoni. Nikaketi nje kwenye gogo. Jiko letu ni la fito na udongo, na udongo ulikuwa umeanguka hapa na pale, basi nilisikia yote.

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Nikamsikia Teresia akiuliza, "Kwa nini unapiga kwa kwenda kushoto?"

Celina akajibu bila kusita, "Kulia hufanya keki iwe na hasira."

Penseli ikakwaruza. Aliandika.

Kwa kweli alijitahidi. Mayai yaliingia moja moja. Sufuria ikaingia mchangani. Bati likawekwa, makaa yakapangwa. Baada ya dakika kumi nikanusa. Juu moto ulikuwa mdogo. Nikakohoa mara moja. Koleo likalia: kaa, kaa, kaa. Nikajiambia, Mugendi, wewe una kichwa.

Ndipo mzee Runji akaingia bomani.

Runji ana ugoro na Runji ana kikohozi, na hakuna anayejua kipi kilimleta kingine. Alikuja kupanga nani atasimama wapi siku ya kumtoa binti. Akaketi kando yangu kwenye gogo, akavuta hewa.

"Mama Mukami yuko kazini," akasema. "Hiyo ndiyo harufu niliyoapia."

Kisha akakohoa. Mara moja.

Ndani nikasikia koleo: kaa, kaa, kaa.

"Mzee, twende tukaone mbuzi," nikasema.

"Mbuzi nimewaona. Mimi ndiye niliyewapokea." Akakohoa tena mara moja. Kaa, kaa, kaa.

Nikakohoa mara mbili, upesi, ili makaa yapunguzwe. Koleo likaanza kuyatoa. Runji akanitazama kwa huruma.

"Nawe umeshikwa? Ni vumbi la makaa yako. Chukua ugoro, utafungua kifua."

"Sitaki, mzee. Wewe kunywa uji. Kuna uji nyumba kubwa."

"Uji utapoa, nitaunywa ukiwa baridi. Niambie, shangazi ya kijana atakaa upande gani?" Akakohoa mara moja. Akapumzika. Akakohoa mara mbili.

Ndani, makaa yalipanda, yakashuka. Nilisikia sauti ya Teresia ikiwa makini sana. "Ngoja, mama. Umeweka, umetoa, umeweka tena, sasa umetoa. Hiyo ni kila keki au ni ya harusi tu?"

"Ya harusi," Celina akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Na unajuaje wakati?"

"Unasikia tu moyoni."

Penseli ikakwaruza.

Ndipo harufu ikanifikia. Sukari ilikuwa imeanza kuungua. Kama hujawahi kupika keki hutaijua harufu hiyo. Kwanza ni tamu kupita kiasi, halafu ghafla inakuwa kama kofia iliyoanguka kwenye jiko. Kulikuwa na dakika moja ya kuiokoa. Nikakohoa kwa nguvu zangu zote, moja, mbili, tatu.

Na Runji, Mungu amrehemu, akakohoa yake moja papo hapo kwenye mkia wa ile ya tatu.

Koleo halikulia. Kisha sauti ya mke wangu ikatoka kwenye fito, wazi, boma zima likasikia:

"Baba Mukami, nne ni nini?"

Hata mbuzi waliacha kutafuna.

Moshi ulitoka kwanza mlangoni. Teresia akaufuata, daftari mkononi, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Alinitazama, akamtazama Runji, akafungua daftari.

"Muthoni," akasema, "nitasoma nilichoandika, kisha mtu mmoja anieleze. 'Weka makaa. Toa makaa. Weka makaa. Mzee akikohoa, weka. Baba akikohoa, toa.' Nimefundisha miaka kumi na minane. Hakuna kitabu kilicho na mzee wa kukohoa."

Celina alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi ambacho hata mimi, muuza makaa, ningekiuza.

"Basi nitaeleza mimi," Teresia akasema. "Mama huyu hajawahi kupika keki. Ile ya Agosti mliinunua Embu mjini. Mlitulisha keki ya duka mkasema ni mkono wa mama. Na kama mama hana huo mkono, binti ameutoa wapi? Ndugu yangu ametoa mbuzi akiamini maneno ya mzee huyu."

Runji akasimama. Sikuwahi kumwona akisimama haraka namna hiyo.

"Mama, mimi niligonga fimbo. Mimi sigongi fimbo kwa keki ya duka. Mugendi, mwambie."

"Mzee..."

"Mwambie. Nimezeeka, sitaki kuzikwa kama mwongo kwa sababu ya unga na mayai."

Nikamwangalia Celina. Alikuwa analia bila sauti, kile kilio cha mwanamke aliyekuwa mwamuzi wa mashindano. Kwenye dirisha la nyumba kubwa nikamwona Mukami, shela kichwani, mikono yote miwili mdomoni. Harusi ilikuwa kesho kutwa. Kama Teresia angeshuka barabarani na daftari lile, Jumamosi tungekuwa na hema, viti vya kukodi, na hakuna wa kuvikalia.

Nikaweka panga chini. Nikaenda kwenye pipa, nikaosha mikono hadi viwiko, kwa sabuni, kama alivyonifundisha Gichovi.

"Mugendi," Runji akaniita, "unaenda wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kuna nini?"

"Kazi yangu."

Nikampita mkwe wangu mlangoni. Nikashika mwiko.

Siagi na sukari nikazipiga mpaka zikawa nyeupe, nikienda kulia, na keki haikuwa na hasira yoyote. Nikakwaruza ganda la limau. Mayai kumi, moja moja. Nikamwaga makaa aliyotumia Celina, yale ya mti wowote, nikaleta ya mgunga kwenye gunia langu mwenyewe. Makaa ya mgunga hayaropoki. Nikayapanga machache katikati na mengi pembeni, nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu, nikafumba macho nikanusa.

Teresia alikuwa ameanza kuandika kwa mwendo mwingine. Hakuinua kichwa.

Baada ya muda nikafunua, nikadunga kwa spoki ya baiskeli. Ikatoka safi. Keki ilikuwa imepanda sawasawa, rangi ya ngozi ya simba. Nikakata ukingo mwembamba nikamwekea kwenye sahani, nikasogea nyuma.

Alitafuna muda mrefu.

"Hii," akasema, "ndiyo ya Agosti."

"Ndiyo."

"Na ya jubilii, ambayo Mutugi alituandikia habari zake kwa barua?"

"Ndiyo."

"Na huyu mama?"

"Mama alikuwa anasema asante," Celina akasema kutoka pembeni. "Nayo si kazi rahisi, mwalimu. Ijaribu miaka kumi na mmoja."

Teresia akatoa sauti ndogo puani. Sijui mpaka leo kama alicheka.

Wakati huo mkono ukaingia mlangoni. Mkono peke yake, mzee na mkavu, kiganja juu. Runji alikuwa amesimama nje ametupa mgongo.

"Mimi sijaona mtu jikoni," akasema, uso umeelekea zizini. "Macho yangu yako kwa mbuzi. Lakini kama kuna kipande cha pembeni, kitakuwa kinapotea bure."

Nikampa. Akala akiwa ametupa mgongo hivyo hivyo. "Nilisema mkono," akanong'ona akitafuna. "Sikusema wa nani."

Miaka kumi na mmoja, na mwisho wake ulikuwa huu tu: mwalimu anatafuna, mzee anaomba kingine. Nilianza kuona ile Jumamosi. Nikaona hema limejaa.

Teresia akafunga daftari, akaweka penseli kwenye nywele.

"Muthoni, mimi sina shida na mwanaume anayepika. Nyumbani kwetu wangesema. Mimi sitasema. Nilikuja kuona mkono, nimeuona. Limebaki jambo dogo."

"Sema, mwalimu."

"Mukami alifundishwa na nani?"

Hapa, wasomaji, ndipo mlango ulipokuwa wazi. Nilikuwa nimeshasema ukweli mmoja na haukuniua. Nilihitaji kusema wa pili tu. Nikamtazama Celina, naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, na mimi sikujua anatikisa kwa maana ya sema au usiseme.

Nikamfikiria Mutugi na ile keki ya limau kwenye kitambaa cheupe.

"Mimi," nikasema. "Nilimfundisha mimi mwenyewe."

"Nilijua," Teresia akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu kabisa. "Mutugi haachi kutuambia. Kila Jumapili atapikiwa, ndivyo alivyoahidiwa. Mukami! Vua hiyo shela uje hapa, mama."

Nikasikia kitu kikianguka nyumba kubwa.

"Hii kubwa umeimaliza wewe," akaniambia. "Ya wazazi utaipika kesho. Lakini ile ndogo ya juu, ya kumlisha mume, ni haki aipike bibi harusi. Nitaandika nikimwona. Nikirudi Muthara waniulize, nitasema nimeona. Nisipoona, nitasema sijaona."

"Mwalimu, binti amechoka na mambo ya harusi..."

"Keki ndogo ni ya mayai manne. Haichoshi."

Mukami alikuwa amefika mlangoni. Alitazama sufuria, akatazama mchanga, akanitazama mimi jinsi mtoto anavyomtazama baba anapoona sindano ya daktari. Akashika mwiko. Aliushika kama ufagio.

Nikajisogeza kwenye kigoda nipate mahali pa kuonea.

"Hapana, muthoni," Teresia akasema, akifungua daftari ukurasa mpya. "Wewe nje. Kwenye lile gogo lako. Na yule mzee atoke kabisa bomani, aende na kikohozi chake mpaka barabarani. Leo nikisikia mtu akikohoa, naandika."

Nikatoka. Runji alisindikizwa na Celina hadi langoni, kipande cha keki mkononi, akilalamika kwamba hata njiani kuna vumbi.

Nikaketi kwenye gogo. Ndani nilisikia yai la kwanza likipasuka, halafu, mara moja, la pili, la tatu na la nne, yote kwa mmwago mmoja.

Nikafumba mdomo. Koo likaanza kuniwasha.